Subira ya Petroli

Kwenye vituo vya mafuta vya Maskati kuna pampu ya 91. Kusini mwa California, njia ya kwenda vilima vya mchanga vya Glamis, kuna pampu ya 91 pia. Mtu akidhani ni petroli moja, akaijenga injini yake kwa dhana hiyo, ataiua. Ile ya Oman imepimwa kwa njia moja tu, inayoitwa ya utafiti, kama zinavyopimwa petroli za Ulaya na za Afrika Mashariki. Ile ya California ni wastani wa vipimo viwili, cha utafiti na cha mota, na hicho cha pili ni kikali: kwa mafuta yaleyale hutoa namba ndogo. Ukiichukua 91 ya Oman ukaivusha bahari, Wamarekani wataiweka kwenye pampu ya 87, mara nyingi ya bei ya chini kuliko zote. Ukiileta 91 yao huku kwetu, itasomeka 95 au 96.

Nimetanguliza jambo hili kwa sababu ushauri mwingi kuhusu injini za pikipiki za magurudumu manne umeandikwa na Wamarekani kwa vipimo vya kwao, na wanaousoma wako kila mahali penye mchanga na kijana mwenye spana. Tena namba ya oktani inatazamwa na kila mtu na kueleweka na wachache. Wengi huisoma kama kipimo cha nguvu, wakajaza petroli ya bei kubwa katika injini ya kawaida wakitarajia iruke. Haitaruka. Namba ile inapima subira ya mafuta: yanaweza kubanwa na kupashwa moto kiasi gani kabla hayajawaka yenyewe bila kungoja cheche ya plagi.

Injini ninayoifikiria ni ya Honda TRX400EX, iliyoingia sokoni mwaka 1999, ndugu wa pikipiki ya XR400R, na ambayo wajenzi wa Marekani wanaofanya kazi kwenye mabanda ya nyumbani wanaipenda hadi leo. Silinda moja, vali nne, kabureta. Kipenyo cha silinda ni milimita 85, safari ya pistoni milimita 70, ujazo wote sentimita za ujazo 397. Kiwanda kiliipa uwiano wa mgandamizo wa 9.1 kwa 1, yaani hewa na petroli vilivyojaza silinda nzima hubanwa mpaka vibaki katika sehemu moja ya 9.1 ya nafasi ile. Haina rejeta. Joto lake hutoka kwa mapezi ya alumini yanayopigwa na upepo, na kwa oili. Ikiachwa hivyo, ikapewa 87 ya pampu na oili safi, hufanya kazi miaka na miaka.

Mjenzi haiachi hivyo, na simlaumu. Hamu ya kukifungua kitu na kukifanya kiwe bora ni moja ya tabia njema za binadamu. Huagiza pistoni ya milimita 89, akaipeleka silinda kwa fundi wa lethi itanuliwe au iwekewe sliivu kubwa, na injini ikawa ya sentimita 435. Hapa kuna hesabu ndogo ambayo watu huiruka. Chumba cha moto cha injini ya kiwandani kina nafasi ya takriban sentimita za ujazo 49. Ukitanua silinda peke yake, bila kukigusa chumba hicho, mgandamizo unapanda wenyewe hadi karibu 9.9, kwa kuwa hewa nyingi zaidi inabanwa katika nafasi ileile. Na pistoni za kununua aghalabu huwa na utosi ulioinuka unaokula nafasi ya chumba. Zipo za 11 kwa 1, za 12, hata za 13. Kwa 11, nafasi yote inayobaki ni sentimita 43 na nusu. Kwa 13 ni 36 na kidogo. Fundi akikwangua kichwa cha silinda kwa upana wa uzi, au akaweka gasketi nyembamba kuliko iliyopangwa, namba imekwisha sogea tena, na namba iliyochapwa kwenye boksi la pistoni haina maana. Kwa hiyo chumba hupimwa kwa mkono: kioo cha plastiki, grisi ya kuziba, na sirinji ya kumimina mafuta mpaka kijae. Asiyepima chumba chake hajui mgandamizo wake, na asiyeujua hana haki ya kuuliza injini yake inywe mafuta gani.

Faida ya kubana zaidi ni ya kweli. Kwa hesabu ya mzunguko wa Otto, kutoka 9.1 hadi 11 tija ya joto huongezeka kwa takriban sehemu 5 katika mia, na kidole gumba kilicho kwenye hendeli ya mafuta huihisi. Kutoka 11 hadi 13 kuna nyongeza nyingine ya sehemu 4. Angalia basi: hatua ya pili inalipa kidogo kuliko ya kwanza, ilhali kwa upande wa mafuta ndiyo inayomtoa mtu kwenye pampu ya kawaida na kumtia kwenye madumu ya petroli ya mashindano.

Kinachotokea ndani ya silinda ni hiki. Cheche ikiruka, moto haujazi chumba kwa mara moja. Husafiri kutoka kwenye plagi kuelekea kuta, na kadiri unavyosafiri unaibana ile sehemu ya hewa na petroli iliyo pembezoni ambayo haujaifikia. Sehemu hiyo ya mwisho inabanwa na pistoni kwa chini, inabanwa na moto kwa ubavuni, inapashwa na kuta na vali ya ekzosi. Petroli yenye subira hungoja zamu yake. Isiyo na subira hulipuka yote kwa pamoja. Mawimbi ya shinikizo huruka kutoka ukuta hadi ukuta. Katika silinda ya milimita 85 mtetemo huo ni kama mara 6,500 kwa sekunde, na sikio huusikia kama mlio mwembamba wa chuma kwa chuma. Mlio wenyewe hauvunji kitu. Hatari ni kwamba mawimbi yale hufagia tabaka jembamba la gesi isiyo moto sana ambalo lilikuwa likiikinga alumini. Moto wa ndani hupita nyuzi 2,000, na alumini huyeyuka kwenye 660. Aloi za pistoni huyeyuka hata kabla ya hapo. Kinga ikiondoka, ukingo wa pistoni huanza kumomonyoka, ngazi zinazoshika ringi hupasuka, na mahali fulani ndani ya chumba chuma huwa chekundu kiasi cha kuwasha mafuta kabla ya cheche. Kutoka hapo hadi injini kunoki ni dakika chache.

Gari la kisasa lina kihisio kinachousikia mtetemo huo na kompyuta inayoirudisha taimingi nyuma mara moja, kiasi kwamba dereva hajui kuwa lilikuwa karibu kuumia. Injini hii haina mlinzi wa namna hiyo. Kisanduku chake cha CDI hutoa cheche kwa ratiba yake, injini igonge isigonge. Anayebaki kusikiliza ni mpandaji, na masikio yake yamo ndani ya kofia ngumu, mbele ya ekzosi iliyofunguliwa ipige kelele. Ndiyo maana nashikilia kwamba uamuzi wa mafuta katika injini ya aina hii ufanywe mezani, kwa kalamu, kabla ya boliti ya kwanza kufunguliwa.

Namba tunayoitegemea mezani hapo ina historia yenye uchungu. Mwingereza Harry Ricardo alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kueleza kwamba kugonga kunatokana na mafuta yanayojiwasha mbele ya moto. Ng'ambo ya Atlantiki, Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya Charles Kettering wa General Motors, alijaribu kemikali moja baada ya nyingine mpaka tarehe 9 Desemba 1921 alipoona kwamba mchanganyiko wa madini ya risasi, tone kwa petroli nyingi, unakunyamazisha kugonga kabisa. Walikwisha jua kwamba pombe nayo inakunyamazisha. Midgley mwenyewe aliomba hataza ya petroli iliyochanganywa na pombe mwaka 1920. Lakini risasi ilitosha kidogo tu, na ilikuwa na mwenyewe wa kuiuza. Februari 1923 ikaanza kuuzwa Dayton, Ohio. Mwaka uliofuata wafanyakazi 5 wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu yake, na wenzao wengi wakalazwa hospitali. Midgley naye alikuwa ameshaugua. Mauzo yalisitishwa kwa muda, kisha yakaendelea kwa miongo mingi, na moshi wake ukavutwa na watoto wa kila mji uliokuwa na magari.

Kipimo cha oktani kilizaliwa katika biashara hiyohiyo. Graham Edgar, mkemia wa Ethyl Corporation, kampuni iliyoundwa kuuza risasi ile, alipendekeza mwaka 1926 kwamba mafuta yalinganishwe na vimiminika viwili safi: aisooktani, inayostahimili, ipewe 100, heptani, inayogonga upesi, ipewe 0. Heptani safi ilipatikana kwa kukeneka utomvu wa msonobari wa Jeffrey, mti wa milima ya California. Hufurahi kila nikilikumbuka hilo, kwamba sifuri ya kipimo cha petroli ya dunia nzima ilitoka kwenye mti. Baadaye kampuni ya Waukesha ya Wisconsin ikatengeneza injini maalumu ya kupimia, ya silinda moja, ambayo mgandamizo wake hubadilishwa huku inazunguka, na hadi leo oktani hupimwa kwa injini ya ukoo huo. Kwa njia ya utafiti inazungushwa mara 600 kwa dakika. Kwa njia ya mota ni mara 900, na mchanganyiko wa hewa na petroli hupashwa hadi nyuzi 149 kabla ya kuingia.

Sasa swali la mjenzi: injini yangu inafanana na ipi kati ya hizo mbili?

Twende Glamis. Mchanga huo umelala zaidi ya kilomita 60 jangwani, karibu na mpaka wa Meksiko, chini sana kwa mwinuko, na watu huujia kuanzia Oktoba hadi Mei kwa sababu kiangazi chake hupita nyuzi 40 na kuendelea. Pikipiki inapopanda kilima cha mchanga laini, hendeli imebanwa yote, matairi yanachimba, mwendo ni mdogo. Kazi ya injini ni kubwa kabisa na upepo unaofikia mapezi ni mdogo kabisa. Injini yenye rejeta ingekuwa na maji na feni ya kuishikilia. Hii haina, na kichwa chake cha silinda kitapanda joto muda wote wa kilima. Hewa inayoingia nayo inapashwa njiani kabla haijabanwa. Hali hiyo inaukaribia zaidi ule mtihani mkali wa nyuzi 149 kuliko ule mwepesi. Kwa hiyo namba ya mota ndiyo ya kutazama, na pampu zetu haziionyeshi. Petroli ya 95 ya Ulaya inatakiwa na sheria ya viwango iwe na angalau 85 kwa njia ya mota: pengo la pointi 10. Pengo hilo hutofautiana kati ya petroli na petroli, na ethanoli hulipanua, kwa kuwa kwa njia ya utafiti inapata kama 108 na kwa njia ya mota inaanguka hadi kwenye 90. Katika hili nawapongeza Wamarekani. Wastani wao unasema ukweli zaidi kwa mtu mwenye injini inayopozwa kwa hewa.

Mwinuko nao una sauti. Denver iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,600, shinikizo la hewa pale ni kama sehemu 83 katika mia ya lile la pwani, silinda haijai sana, na ndiyo sababu mikoa ile ya milima ya Marekani huuza hata petroli ya 85. Injini iliyojengwa kule ya 12 kwa 1 inaweza kuimba vizuri milimani na kugonga siku ya kwanza ikishuka Glamis. Mtu wa Nairobi anayeshusha pikipiki yake Mombasa yuko katika hesabu hiyohiyo.

Wapo wanaojibu haya yote kwa kwenda uwanja wa ndege mdogo na dumu. Petroli ya ndege za pistoni, ile ya buluu iitwayo 100LL, inapata karibu 100 kwa njia ya mota, na nusu kwa nusu na 91 ya pampu huipa injini ya 12 nafasi ya kupumua. Kiufundi ni kweli. Lakini herufi zile mbili za mwisho zinamaanisha risasi kidogo, na kidogo chenyewe kinaruhusiwa kufika gramu 0.56 kwa lita. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, baada ya azimio la Dakar la 2001, ziliondoa risasi katika petroli kufikia Januari 2006. Algeria ilipomaliza akiba yake ya mwisho Julai 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza mwezi uliofuata kwamba hakuna tena nchi inayouza petroli ya risasi kwa magari. Ilichukua karibu miaka 100 kuitoa. Kuirudisha kambini kwenye mchanga, ambako watoto wanacheza nyuma ya ekzosi za baba zao, ili kupata sehemu 4 katika mia ya tija, kwangu haikubaliki. Nasema hivyo hivyo juu ya zile petroli za mashindano zenye risasi. Zipo zisizo na risasi, na anayezihitaji alipie tofauti ya bei.

Ethanoli ina hoja nzuri zaidi. Ikiyeyuka huchukua joto jingi na kuipoza hewa inayoingia, jambo ambalo injini isiyo na maji inalihitaji sana. Tatizo ni kabureta. Mafuta ya E85 ya Marekani yanaruhusiwa kuwa na ethanoli kuanzia sehemu 51 hadi 83 katika mia, kulingana na msimu na mahali, na jeti ya kabureta haijui kubadilika. Ukiiweka kwa ajili ya 83, utajaza 51 siku moja na injini italowa. Ukiiweka kwa 51, siku nyingine injini itakosa mafuta, ikapata moto, ikafa. Zaidi ya hayo ethanoli hunywa maji ya hewani na kula mipira ya zamani. Zile chupa ndogo za kuongeza oktani sizipi nafasi kubwa. Chupa ikiahidi pointi 5, mara nyingi pointi zake ni za sehemu ya kumi, na 91 yako imekuwa 91.5.

Injini yenyewe inaweza kusaidiwa ivumilie petroli ya pampu. Nafasi kati ya ukingo wa pistoni na kichwa cha silinda ikishushwa hadi karibu milimita 1, hewa ya pembeni husukumwa katikati kwa nguvu, moto husafiri haraka, na ile sehemu ya mwisho haipati muda wa kukosa subira. Kamshafti inayochelewa kufunga vali ya kuingizia hupunguza mgandamizo halisi kwenye mzunguko wa chini, ndiyo maana injini mbili zenye 11 kwenye karatasi zinaweza kutaka mafuta tofauti. Jeti iwe kubwa kidogo kuliko inayotoa nguvu ya juu kabisa. Kipoza oili kiongezwe ukubwa. Na ule ufunguo wa taimingi unaouzwa kwa bei rahisi, unaoisogeza cheche mbele kwa nyuzi 4, usiwekwe kwenye injini iliyobanwa. Unakula akiba yote uliyoijenga. Baada ya mbio za kwanza plagi ifunguliwe, itazamwe kwa kioo cha kukuzia. Chembe nyeusi au za rangi ya fedha juu ya kauri nyeupe ni alumini ya pistoni yako, na siku hiyo kazi isimame.

Lakini hayo yote ni msaada kwa uamuzi uliotangulia, na uamuzi huo watu huufanya kinyumenyume. Wananunua pistoni kwanza, kwa sababu pistoni inang'aa na ina namba ya kujivunia, kisha wanaanza kutafuta mafuta ya kuifaa. Mafuta hayatengenezwi kwenye banda lako. Yanaletwa na lori kwenye sheli iliyo karibu nawe, na sheli iliyo karibu na mchanga unaokwenda mara nyingi ina aina moja au mbili. Hilo ndilo jambo lisilobadilika katika hesabu yote. Mgandamizo unabadilika upendavyo.

Basi kabla hujalipia pistoni, nenda kwenye pampu unayojazia kila mara, usome namba, uulize imepimwa kwa njia gani, kisha ufanye hivyo hivyo kwenye kituo cha mwisho kabla ya mchanga. Ukikuta 91 ya utafiti, ibakize injini katika mgandamizo wa kiwanda. Ukikuta 95 ya utafiti, simama kwenye 10 na nusu. Ukikuta 98, au 93 ya Marekani, na umepima chumba chako kwa sirinji, nenda 11. Pistoni ya 13 iache dukani. Kwa mgandamizo huo, injini inayopozwa kwa upepo, mchangani, haina petroli ya pampu ya kuilisha.